Msitu wa Nyungwe na Wajibu wa Askari

Mwaka 1999, katika kinamasi cha Kamiranzovu ndani ya msitu wa Nyungwe, ulikutwa mzoga wa tembo. Huyo ndiye aliyekuwa tembo wa mwisho wa msitu huo. Nyati walikwisha kutoweka kabla yake, katika miaka ya 1970. Kilichowamaliza wanyama hao ni uwindaji.

Nyungwe imehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1933, na ikafanywa hifadhi ya taifa katika miaka ya 2000. Ni dhahiri, basi, kwamba tembo na nyati walikwisha huku sheria ipo. Wakazi wa Rusizi, ambako zamani kuliitwa Cyangugu, wanaufahamu msitu huu vizuri, kwa kuwa barabara yao ya kwenda Huye hupita katikati yake.

Nchi za Afrika Mashariki zimeamua kwa njia mbalimbali juu ya uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973, ikaurejesha mwaka 1978, na watalii huwinda huko kwa leseni na kwa malipo. Kila uamuzi una hoja zake. Lakini leseni ina maana pale tu ambapo wanyama ni wengi na hesabu yao inajulikana. Mtego wa waya hauna hesabu. Hutegewa paa, ukamnasa sokwe mtu. Humshika mama mwenye mimba sawasawa na dume zee.

Ndipo wengine husema: waitwe wanajeshi na polisi, ujangili ukomeshwe. Tanzania imekwisha kulijaribu jambo hilo mara mbili. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 iliwaunganisha askari wa jeshi, polisi na wa wanyamapori, na ikawapiga majangili pigo kubwa. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 nayo ilianza kwa nia hiyo hiyo. Lakini yakazuka malalamiko ya wananchi kuteswa na hata kuuawa. Operesheni ikasimamishwa, na mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao.

Funzo lake ni zito kwa kila mwenye kuvaa sare. Mwanakijiji aliyepigwa bila hatia hatatoa habari za jangili, atamficha. Na askari asiyepewa habari atautafuta waya mmoja katika msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 1,000.

Rwanda imechagua kumfanya jirani wa hifadhi awe na fungu lake. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa vijiji vya jirani, na mwaka 2017 fungu hilo lilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Shule ikijengwa kwa fedha ya sokwe mtu aliye hai, mzazi anayo sababu ya kumkataza mwanawe kutega.

Hata hivyo, fungu hilo halitoshi pasipo ulinzi. Wala ulinzi hautoshi pasipo haki. Askari ashike doria, ang'oe mitego, amkamate mhalifu na kumfikisha mahakamani akiwa mzima. Tembo wa Kamiranzovu hatafufuka. Sokwe watu wa Nyungwe wangali hai, na maisha yao yamo mikononi mwa askari na mwanakijiji kwa pamoja.