Kabla ya Chokaa, Tutunze Kipimo



Tunaanza kwa kukiri kosa. Msimu uliopita tulipima udongo wa mama mmoja, mkulima wa mahindi, tukapata pH 6.3. Tukamwambia chokaa haihitajiki. Kesho yake tulirudia baada ya kurekebisha kipimo, tukapata 5.1. Udongo haukubadilika usiku mmoja. Kipimo ndicho kilichotudanganya, nasi ndio tuliokiharibu.

Kijiti kinachochovywa kwenye udongo uliokorogwa kwa maji huitwa elektrodi. Ncha yake ni kioo chembamba sana, na ndani yake mna kimiminika ambacho pH yake inajulikana. Tofauti ya ioni za haidrojeni kati ya ndani na nje ya kioo huzaa umeme mdogo mno: karibu milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, katika joto la nyuzi 25. Mita huugeuza umeme huo kuwa namba. Chini ya 7 ni tindikali, na kila hatua ya kushuka huizidisha mara kumi. Mwaka 1934, huko California, Arnold Beckman alitengeneza mita ya aina hii ili kupima tindikali ya juisi ya malimau.

Basi tuelewe kwamba mita haijui tindikali, inalinganisha tu. Kabla ya kazi ni lazima irekebishwe kwa vimiminika viwili vinavyojulikana, cha pH 7 na cha pH 4. Sisi tuliruka hatua hiyo. Tena tuliacha kioo kikakauka, wakati hutakiwa kuhifadhiwa kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, si maji matupu.

pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka udongoni na kudhuru mizizi ya mahindi. Kama tusingerudia, mama yule angepanda bila chokaa, na hasara ingekuwa yake, si yetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kamati, teueni mtu mmoja wa kutunza kipimo na kuandika kila siku kiliporekebishwa. Wafadhili, mnapotuletea mita, wekeni pia fungu la vimiminika vya kurekebishia na elektrodi ya akiba, kwa maana hata ikitunzwa huchakaa.