Mtoto Asingoje Bingwa wa Mbali



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wanaochelewa kukua kiakili na kiviungo katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita. Nitasema wazi, maana jambo hili limefunikwa kwa muda mrefu mno.

Kila mmoja wetu amemwona mtoto aliyepitwa na umri wa kutembea bila kutembea, au asiyeitika aitwapo jina. Nyumbani husemwa karogwa. Shuleni husemwa ni mkaidi, naye huchapwa. Kumbe pengine ni kiziwi, au ana usonji, au mtindio wa ubongo. Kumchapa mtoto kwa sababu hasikii ni dhuluma, hata kama mwalimu hakukusudia.

Sababu ni nyingi: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni, utapiamlo. Katika machimbo yetu ya dhahabu ipo na nyingine, nayo ni zebaki. Mchimbaji mdogo huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake huvutwa na mama mjamzito aliye jirani, na sumu humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Basi, ni nani atakayewatambua watoto hawa? Mabingwa ni wachache, nao wako katika hospitali kubwa za miji kama Mwanza na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea mama wa Geita adha ya kungoja kivuko aendapo Mwanza. Lakini nauli, malazi, na shamba analoliacha bila kulimwa bado vinamzuia.

Hapo ndipo simu ya mkononi inapoweza kutufaa. Baada ya ugonjwa wa Uviko-19 kuzuka, madaktari wa nchi nyingi walizoea kuwachunguza watoto kwa mbali, kwa mazungumzo na picha za video. Tena kipo kipimo kilichotungwa Afrika. Mwaka 2010 kilitangazwa kipimo cha Malawi, chenye vipengele 136 katika sehemu nne: mwendo wa mwili, kazi ya vidole, lugha, na maisha pamoja na watu. Hakimhukumu mtoto kwa vitu ambavyo hajapata kuviona. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba kilichoko Bugando, Mwanza, na wenzao wa Calgary, Kanada, wamekwisha kukitumia kwa watoto wachanga wa maeneo yetu ya machimbo. Muuguzi wa zahanati aliyefunzwa aweza kumpima mtoto kijijini, akapeleka majibu na picha kwa bingwa, naye bingwa akaamua ni yupi asafirishwe kwanza.

Lakini tusijidanganye. Simu haipimi masikio, wala haioni zebaki iliyomo mwilini. Hayo yanataka hospitali. Mtoto azungumzaye Kisukuma akiulizwa kwa Kiswahili ataonekana mjinga, na kosa si lake. Picha yake ni siri yake. Haipelekwi popote pasipo ridhaa ya mzazi, wala haisambazwi kwa kutazamwa na watu.

Kwa hiyo wajibu wetu ni huu. Mwalimu asimpe mtoto jina la ugonjwa. Aandike alichokiona: haitiki, hashiki kalamu, huanguka mara kwa mara. Kisha amwite mzazi kwa heshima, nao waende zahanati pamoja. Mtumishi wa afya asimrudishe mama kwa neno la "atakua tu". Nasi tulio maofisini tusihesabu waliopimwa tukaridhika. Tunayo shule ya Buhangija mjini Shinyanga, inayowapokea watoto wenye ulemavu. Tunacho Chuo cha Patandi, Arusha, kinachowafunza walimu wao. Kumpima mtoto na kumwacha pale pale ni kumwongezea mzazi uchungu tu.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa miaka miwili akitambuliwa leo, bado upo wasaa wa kumfunza. Tukimngoja afike darasa la nne, tutakuwa tumempotezea miaka ambayo hakuna bingwa awezaye kuirudisha.