Kikohozi Kimoja, Nyumba Moja: Kwa Nini Hatuugui Sawa
Mazungumzo na wananchi wa Lundo, Wilaya ya Nyasa



Nawashukuru kwa kuziacha chanja za usipa kwa saa moja ili tuzungumze. Nimeombwa nieleze jambo linaloulizwa mara nyingi kliniki. Mafua yameingia nyumbani, na watu wanane wanalala chini ya paa moja. Baba anapiga chafya siku tatu kisha anarudi ziwani. Mtoto mchanga anapelekwa hospitali akihema kama aliyekimbia, na bibi hainuki kitandani kwa wiki kadhaa. Kirusi ni kilekile. Mbona hakikuwatenda sawa?

Wako wanaosema ni bahati, na wako wanaonong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Wengine huulaumu mwera. Upepo huo hauzai kirusi, wala baridi haikizai. Baridi hutukusanya ndani, madirisha yakazibwa na moto ukawashwa, na pumzi ya mmoja ikawa pumzi ya wote. Ndivyo wanavyoishi ndugu zetu wa milima ya Umatengo mwezi wa Juni na Julai, na ndivyo tuishivyo sisi huku chini ziwa linapochafuka na vyombo vikashindwa kutoka.

Tuanze na mtoto. Njia kuu ya hewa ya mtoto mchanga ina upana wa milimita nne hivi. Ikivimba milimita moja pande zote, nafasi ya hewa inabaki robo tu. Uvimbe huohuo humwacha mtu mzima na sauti ya kukwaruza. Tena mtoto huyo hajui kupenga kamasi, na katika miezi ya mwanzo hutegemea zaidi pua kupumua. Pua ikiziba, hata kunyonya kunamshinda. Aliyezaliwa njiti ana taabu zaidi, kwa kuwa mapafu yake hayakupewa muda wa kukomaa.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mwili wa mtu mzima umekwisha kupambana na mafua ya kila namna, nao huvikumbuka virusi vinavyofanana na vile vya zamani. Mtoto hana kumbukumbu hiyo. Ana akiba aliyoazimwa na mama yake tumboni, pamoja na ile anayoipata katika maziwa ya mama. Akiba ya tumboni hupungua mwezi hadi mwezi. Kipo kirusi kiitwacho RSV, ambacho karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengi hupona kama waliopata mafua ya kawaida, lakini walio chini ya miezi sita ndio hulazwa kwa wingi. Huko Kilifi, Kenya, watafiti walizifuatilia kaya za vijijini kwa miezi kadhaa, wakichukua vipimo vya puani vya watu wote wa nyumba, hata wasioumwa. Waligundua kwamba aliyemwambukiza mtoto mchanga mara nyingi alikuwa kaka au dada yake, hasa yule aendaye shule. Kwa hiyo mama unapomlinda mchanga wako dhidi ya wageni, mtazame pia huyu wa darasa la pili anayembusu akirudi nyumbani na kamasi puani. Anawe mikono kwanza, na akiwa na mafua asimbebe.

Surua inahitaji neno lake, maana watu huidhani ni ugonjwa wa ngozi. Nayo huenezwa kwa hewa, na baada ya kupona humfutia mtoto sehemu ya kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga, hata maradhi mengine yakampata kama mgeni mpya. Chanjo yake hutolewa katika miezi 9 na tena katika miezi 18. Ile ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Kwa bibi na babu mambo ni kinyume. Kumbukumbu wanayo tele, ila askari wamechoka. Chembe nyeupe za damu huchelewa kuitika, misuli ya kifua haina tena nguvu ya kukohoa makohozi yakatoka, na moyo uliochoka hauwezi kwenda mbio siku saba mfululizo.

Hapo ndipo moshi unapoingia, na naomba nikae kidogo juu ya jambo hili. Ndani ya njia zetu za hewa mna vijinywele vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyopeperuka mchana na usiku vikisukuma ute wenye vumbi na virusi kwenda juu, tuumeze au tuuteme. Moshi huvilemaza. Mwanamke aliyepika kwa mafiga matatu tangu utoto wake, na aliyebanika samaki kwa moshi ili wafike sokoni, amevuta moshi mwingi bila kuwahi kushika sigara. Mchanga aliyefungwa mgongoni mwake ameuvuta pamoja naye. Si kila mtu ana fedha za jiko jipya. Lakini kuhamishia moto nje wakati wa kiangazi, kukausha kuni vizuri, kutoboa tundu la moshi juu ya ukuta na kumwacha mtoto kwa shangazi wakati wa kubanika, hayo hayauzwi dukani.

Wapo wengine: mjamzito, ambaye mapafu yake yamebanwa na mimba huku mwili ukitaka hewa ya watu wawili, mwenye pumu, kisukari, selimundu au ugonjwa wa moyo, anayeishi na VVU bila dawa, mtoto mwenye utapiamlo. Tena wapo tusioweza kuwatambua kwa macho. Mwaka 2020 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya watu wenye nguvu waliozidiwa na UVIKO-19 walikuwa na kasoro katika interferoni, kengele ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Kijana asijivunie kifua kipana.

Sasa tuje kwenye fedha. Mkoa huu wa Ruvuma ndio uliotangulia nchini, mwaka 2003, kuwa na Maduka ya Dawa Muhimu, yenye wauzaji waliopewa mafunzo na kibali cha kuuza baadhi ya dawa za cheti. Ni heshima, na ni jukumu la mnunuzi pia. Nikiwa baba kijana, nilimnunulia mwanangu vidonge vinne vya antibiotiki kwa sababu ya mafua, nikaona nimefanya wajibu wangu. Siku mbili zilipotea nikisubiri vifanye kazi. Antibiotiki huua bakteria. Kirusi hakishtuki nayo. Nusu dozi hufundisha bakteria usugu, ili siku ya nimonia ya kweli dawa ishindwe. Kwa hiyo usiingie dukani ukisema, "Nipe amoksilini." Sema mgonjwa ni nani, ana umri gani, ana ugonjwa gani mwingine, na ameanza lini. Muuzaji asiyeuliza hayo, muulize wewe kwa nini hakuuliza. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na udai risiti. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini, wala asali kabla ya mwaka mmoja.

Wakati mwingine nauli ya kwenda kituoni ina thamani kuliko dawa yoyote. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo yake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kumi na mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kunyonya, usihesabu tena, nenda. Kwa mzee, dalili ni kuchanganyikiwa ghafla au kukatwa pumzi akiwa amekaa. Huenda asiwe na homa kabisa.

Wenye simu zenye saa, zitoeni. Mama huyu wa mbele ametukubalia tumtazame mwanawe aliyelala, nasi tutahesabu pamoja, kwa sauti ya chini tusimwamshe.