Nchi Yetu Ilipowekwa Amana Geneva

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Majengo, Dodoma)



Vijana wa hapa Majengo huniuliza swali moja mara kwa mara. Mwaka 1955 wanachama wa TANU, wengi wao watu wa kipato kidogo, walichanga fedha ili Mwalimu Nyerere aende New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Kulikuwa na faida gani kutoa shilingi yako kwa safari ya mtu mmoja, kwenda kuzungumza na watu wasioijua hata Dodoma? Ili kujibu ni lazima turudi kwenye vita vya 1914.

Vita vile havikuwa vyetu, lakini tulivilipia sisi. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwingereza alipoingia Dodoma mwaka 1916, naye akachukua. Kisha mvua zikakosekana. Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya, na makadirio hutaja watu wapatao 30,000 waliokufa.

Watu wa hapa wakiwa bado katika njaa hiyo, mwaka 1919 washindi wa vita walikutana Paris wakaunda Shirikisho la Mataifa, makao yake Geneva, ili mataifa yasipigane tena. Jambo zuri kabisa, sina ugomvi nalo. Lakini kifungu cha 22 cha mkataba wao kilisema kwamba nchi zilizotoka mikononi mwa Mjerumani ziwe amana takatifu chini ya mataifa yaliyoendelea, eti mpaka wenyeji waweze kusimama wenyewe. Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Ruanda na Urundi. Hati yetu ilithibitishwa tarehe 20 Julai 1922. Mwenye mali hakuulizwa, wala siku ya kurudisha amana haikuandikwa.

Kila mwaka Mwingereza alipeleka taarifa Geneva, na tume ikamhoji. Hilo tusilidharau: mlezi wa yatima anayejua kwamba ataulizwa, hula kwa kificho. Lakini tume yenyewe haikuja kutuona. Mwananchi aliruhusiwa kuandika malalamiko, ila barua ipitie kwa serikali ile ile aliyoilalamikia, nayo iambatishe majibu yake. Kwenda mwenyewe ukasikilizwe na tume hakukuruhusiwa. Yaani ukimshitaki Bwana Shauri, barua yako inabebwa na wakubwa wake!

Na ile amani je? Oktoba 1935 Mussolini aliivamia Uhabeshi, nchi mwanachama wa Shirikisho tangu 1923. Shirikisho lilimtia hatiani, likazuia baadhi ya biashara, lakini petroli haikuzuiwa, na Mfereji wa Suez ukaachwa wazi kwa meli zake za askari. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva kuwatetea watu wake; waandishi wa habari wa Kitaliano wakampigia miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Ilipofika 1939 wakubwa wale walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe.

Aprili 1946 Shirikisho lilivunjwa, na mwezi wa Desemba Tanganyika ikawekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Hapa ndipo penye jibu, vijana. Katika utaratibu mpya malalamiko yaliweza kwenda moja kwa moja, wajumbe wa Baraza walikuja nchini, wa kwanza wakafika 1948, na mwananchi aliweza kusimama akasema kwa kinywa chake. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kwa ajili ya ardhi ya Wameru. Ardhi hakurudishiwa, lakini alisikilizwa, na sisi tukajua kwamba njia ipo.

Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza akataka itamkwe wazi kwamba Tanganyika, pamoja na watu wake wa kila rangi, kwanza ni nchi ya Kiafrika. Wajumbe wa Uingereza walikuwamo chumbani humo humo, na iliwabidi wasikie. Hiyo ndiyo nauli waliyoilipa wazee wenu.

Nakaa hapo. Mwenye swali na asimame.