Boma Kwanza, Vita Baadaye: Mazungumzo juu ya Mchezo wa Sataranji

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya sataranji, na hasa juu ya mtu achezaye kete nyeusi, ambaye sharti aanze wa pili.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha waalimu, mwanafunzi mmoja alinishinda mara tatu mfululizo mbele ya darasa zima. Kila mara nilimtoa malkia kwa pupa, na mfalme wangu hana ulinzi. Mwisho kijana akasema kwa adabu, "Mwalimu, waenda vitani nawe hujajenga boma." Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Basi nikajifunza ulinzi uitwao Caro-Kann, kwa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, walioueleza mwaka 1886. Twaeni ubao, mnifuate.

Mweupe hupeleka askari aliye mbele ya mfalme nyumba mbili. Mweusi humsogeza nyumba moja tu askari aliye mbele ya askofu wa upande wa malkia. Mweupe hupeleka askari wa malkia nyumba mbili. Mweusi naye hupeleka wa kwake nyumba mbili, akabili adui katikati ya ubao. Hapo yaonekana maana ya hatua ile ndogo: askari huyu akiliwa, mwenzake yu tayari kulipa, na katikati hapabaki pengo. Tena njia ya askofu wetu haikuzibwa. Aweza kutoka kabla mlango haujafungwa.

Lakini angalieni. Askofu akiisha kutoka, adui humwinda kwa askari wa ukingoni. Yatupasa kumsogeza askari wetu wa ukingo uo huo nyumba moja, ili askofu apate mahali pa kurudi. Asahauye hatua hiyo atampoteza askofu wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wala msidhani kwamba ulinzi huu ni wa waoga. Mwaka 1957 Mikhail Botvinnik, wa Urusi ya Kisovieti, alinyang'anywa ubingwa wa dunia na Vasily Smyslov. Mwaka 1958 wakarudiana huko Moscow. Katika mchezo wa kwanza Botvinnik alishika kete nyeusi, akatumia Caro-Kann, akashinda. Katika mchezo wa tatu akafanya vivyo hivyo, akashinda tena. Na mwisho wa mashindano ubingwa ukamrudia.

Nami nilirudiana na kijana yule. Sikumshinda; baada ya saa mbili tulitoka sare. Akanipa mkono, akasema, "Leo, Mwalimu, sikuona mlango wa kuingilia." Sifa hiyo yanitosha mpaka leo.

Mwenda pole hajikwai.