MKONO, MGUU NA JICHO LA MWANAMICHEZO
(Maelezo ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibaigwa)



Nimepewa dakika chache, sitawachosha. Nataka kuzungumzia jambo linalonigusa mwenyewe: mkono wa kushoto.

Nilipokuwa kijana nilitupa mkuki kwa kushoto. Mwalimu mmoja aliniamuru nitupe kwa kulia, kama watu wengine. Mkuki ukaangukia karibu na miguu yangu, wenzangu wakacheka, nami nikauacha mchezo. Sina kinyongo naye. Nyumbani pia tulifunzwa kula na kumpokelea mzee kwa mkono wa kulia. Hiyo ni adabu, lakini adabu ya mkekani si kanuni ya uwanjani.

Tazameni sokoni hapa Kibaigwa. Mbeba gunia la mahindi ana bega lake. Mwambieni abadili, atayumba. Mwanamichezo naye ana mkono wake, mguu wake na jicho lake. Katika kila watu 10, mmoja hivi hutumia mkono wa kushoto. Lakini wenye jicho kuu la kushoto ni karibu theluthi moja. Kwa hiyo mtu aweza kuandika kwa kulia na kulenga kwa jicho la kushoto. Jipimeni: nyosheni mikono, unganisheni viganja mwache kitundu, tazameni saa ile ukutani kwa macho yote mawili. Kisha fumbeni jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuiona saa ndilo kuu.

Na mguu? Mkumbukeni jirani yetu John Akii-Bua wa Uganda. Mwaka 1972 huko Munich, akikimbia njia ya ndani kabisa, alishinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Ukipiga hatua 13, unatanguliza mguu ule ule. Ukichoka ukapiga 14, huna budi kutanguliza wa pili. Asiyeuzoesha huo wa pili hulazimika kupiga 15 fupi fupi, akaachwa. Akii-Bua aliweza kutanguliza yote miwili.

Basi mguu dhaifu ufundishwe, lakini ule wa asili usinyang'anywe. Kufundisha ni kuongeza.

Ombi langu kwenu mlio wazazi na walimu ni hili: mtoto akiokota mkuki kwa kushoto, mwacheni atupe kwanza. Kisha pimeni umbali.