Usimamizi wa Watumishi wa Ustawi wa Jamii



Nimeombwa niseme machache juu ya wasimamizi wetu. Bwana Alfred Kadushin wa Marekani alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba msimamizi ana kazi tatu: kuangalia kazi, kufundisha, na kumtia mtumishi nguvu.

Sisi twapata ile ya kwanza tu. Msimamizi aja, ahesabu mafaili, auliza maili za pikipiki, aenda zake. Mtumishi aliyeshinda akimwondoa mtoto katika nyumba ya mapigo, usiku atalalaje? Akimwambia mkubwa wake kwamba amechoka, neno hilo laingia katika ripoti ya siri. Basi hunyamaza.

Katika mapatano tudai mambo mawili: saa moja kila majuma mawili ya kuzungumzia kesi, isiyokatwa, tena msikilizaji asiwe yule mwandika ripoti.

Waajiri watasema fedha hakuna. Vema, tukutane sita sita wenyewe, ingawa mimi naona pasipo mjuzi mmoja yatakuwa maongezi ya chai. Majina ya wenye shida yasitajwe. Wanaotaka kuanza wamwone Katibu kabla ya kutoka.